Meli ya usiku kutoka Piraeus mpaka Krete, na sababu Mama alikubali kuingia



Tangu niseme kwamba familia yetu ililala usiku mzima ndani ya meli kwenda kisiwa cha Krete, kule Ugiriki, maulizo yamekuja mengi. Mnalala wapi? Kuko chakula? Haitikisike? Na mkubwa mmoja wa promosheni yetu, mwenye anatujua nyumbani, aliniuliza: «Na Mama alikubali kuingia mu bato usiku?» Kwa ajili ya swali hilo naandika kirefu. Mambo ya visa sitaongea, kila mtu na ubalozi wake.

Kwa kifupi: nilikuwa naenda Krete kwa mafunzo ya mwezi mmoja juu ya mizeituni. Yaya wangu anaishi Ubelgiji, na Mama alikuwa amefika kwake kumtembelea. Yaya akasema, juu watoto wako kwenye likizo, tukutane Athens tuende wote Krete kwa juma moja kabla mafunzo hayajaanza. Shemeji alibaki kazini. Basi tulikuwa watano: Mama, Yaya, watoto wake wawili (mmoja miaka 8, mwingine 3) na mimi.

Kwenda Krete kuko njia mbili. Ndege kutoka Athens inaruka karibu saa moja tu. Meli inaondoka bandari ya Piraeus saa tatu za usiku (21h00) na kufika mji wa Heraklion kesho yake kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Yaya alipiga hesabu kama mwanamke wa soko: nafasi tano za ndege, pamoja na mizigo inayolipwa kwa kila valizi, halafu usiku mmoja wa hoteli Athens. Kwenye meli, mizigo hakuna anayeipima, na hoteli ni meli yenyewe. Alikata kabine moja ya vitanda vine kwa ajili yake, Mama na watoto. Mimi kijana nikapewa kiti.

Hapo nieleze namna tiketi zinapangwa. Bei ya chini kabisa ni ya «sitaha», maana yake unaingia na unajitafutia pa kukaa: kwenye baa, kwenye benchi la nje, hata chini kwenye kapeti ya korido, na hakuna anayekufukuza. Juu yake kuko viti kama vya ndege, mu chumba kimoja kikubwa, vyenye nambari. Halafu kabine, za ndani (bila dirisha) na za nje (zenye dirisha), za watu wawili mpaka wanne, kila moja na choo na bafu yake. Mtoto mdogo kabisa halipi, na wa miaka kama 8 analipa nusu. Lakini angalieni vizuri: hata yule wa miaka 3 asiyelipa kitu anatolewa tiketi yake, ya bei sifuri, yenye jina lake kamili. Nilipoona hiyo karatasi ya sifuri nilicheka. Baadaye sikucheka tena.

Piraeus ni bandari kubwa sana, na mgeni anaweza kupotea ndani yake. Milango inahesabiwa kutoka E1 mpaka E10, na kutoka mwisho moja mpaka mwingine ni mwendo mrefu wa miguu wenye kutoa jasho mwezi wa saba. Meli za Heraklion zinakaa upande wa E2 na E3. Tangu 2022 metro ya laini ya 3 inatoka uwanja wa ndege mpaka Piraeus moja kwa moja, na ndani ya bandari kuko bisi ya bure. Ushauri wangu: fikeni saa mbili kabla. Meli haingojee mtu.

Tulifika mapema. Jua lilikuwa bado juu. Meli ilikuwa imegeuza mgongo kwenye gati, mlango wa nyuma umelazwa chini kama ulimi, na malori yanaingia kinyumenyume, moja baada ya lingine, watu wa meli wakipiga filimbi na kelele. Meli hizo zina urefu wa zaidi ya mita 200 na zinabeba abiria zaidi ya 2 000. Watembea kwa miguu wanapitia mlango huohuo wa malori, halafu wanapanda ngazi za umeme.

Mama akasimama. Akaweka mfuko wake chini na kusema: «Mie siingie.»

Wenye mnatoka Kivu mnajua. Wengine niwaeleze. Mjomba wetu, mdogo wake Mama, alikufa ziwani nikiwa ningali sekondari. Alikuwa anachukua maharagwe Kalehe na kuyauza Goma. Siku hiyo hakupanda kwenye bandari. Alipanda kwenye kivuko cha kijijini, pale bato inaposimama kidogo kuongeza watu na magunia, na alilipa akiwa tayari ndani. Bato ilikuwa na daftari, ndiyo, lakini daftari lilifungwa bandarini asubuhi. Ikazama jioni. Mwili wake haukuonekana. Na alipoenda mke wake kuomba cheti cha kifo, akaulizwa: nani anashuhudia kwamba alikuwa ndani? Jina lake halikuwa popote. Mpaka leo, kwa karatasi za serikali, mjomba hajafa. Shamba lake halikuweza kuandikwa kwa watoto, na ndugu wengine wa upande wake walilichukua polepole, mpaka mti wa mwisho wa avoka.

Kwa hiyo Mama alipokuwa anakataa pale gatini, hakuwa mwanamke wa kijiji anayeogopa kitu asichokijua. Anajua bato kuliko sisi wote.

Yaya alianza kumwambia mambo ya ukubwa wa meli, kwamba hii ni Ulaya. Mama hakumsikiliza. Alimwendea kijana wa meli aliyekuwa anasoma tiketi kwa mashine, akanyoosha tiketi yake, akamwuliza kwa Kiswahili kabisa: «Jina yangu iko mu kitabu?» Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuvunjika. Kijana hakuelewa sababu ya swali, lakini alielewa swali. Akapitisha tiketi, mashine ikalia, akageuza kioo kidogo kumwonyesha: jina lake, na alama kwamba ameingia.

Hiyo alama ndiyo nataka kueleza, juu ndani yake kuko sheria na historia nzima.

Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuko amri ya mwaka 1998, nambari 98/41, inayosema mambo mawili ya wazi. La kwanza: kila meli ya abiria, kabla ya kutoka bandarini, watu wote walio ndani wahesabiwe, na hesabu isipite ile iliyoandikwa kwenye cheti cha meli. La pili: kama safari inapita maili 20 za bahari (karibu kilomita 37), hesabu peke yake haitoshi, lazima majina, jinsia, na kama ni mtu mzima, mtoto au mtoto mchanga. Mwaka 2017 wakaongeza uraia na tarehe ya kuzaliwa. Orodha haibaki kwa kapteni peke yake. Inapelekwa nchi kavu, ili meli ikizama na karatasi zake, walio kando wajue wanatafuta nani. Kwa Ugiriki, polisi wa bandari wako pale na wana nguvu ya kuzuia meli isiondoke. Karatasi ya sifuri ya mtoto wa miaka 3 inatoka hapo: anayekula bure naye anahesabiwa, kwa sababu anazama sawa na wengine.

Msifikiri wazungu walizaliwa na akili hiyo. Waliinunua kwa wafu. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Desemba 1966, meli yenye jina la Heraklion ilitoka Souda, upande wa magharibi wa Krete, kwenda Piraeus. Upepo ulikuwa mkali sana. Ndani ya gereji yake mlikuwa na lori ya friji imejaa machungwa, na lori hiyo haikufungwa vizuri. Meli ilipoanza kulala huku na huku, lori ikatembea. Ikaenda ikigonga mlango wa ubavuni, ikarudi, ikagonga tena, mpaka mlango ukafunguka na bahari ikaingia. Meli ilizama karibu na kisiwa kidogo cha Falkonera. Zaidi ya watu 200 walikufa, na waliopona hawakufika 50. Hata hesabu ya waliokufa inatofautiana mpaka leo, juu haikuwa wazi watu wangapi walikuwa wamepanda.

Machungwa, wapendwa. Sisi watu wa agronomia tunafundishwa kuhesabu hasara baada ya mavuno: kilo ngapi zimeoza, ngapi zimegongwa njiani. Hakuna kozi iliyonifundisha kwamba tani za machungwa zisizofungwa kamba zinaweza kuvunja ukuta wa chuma na kuua kijiji kizima.

Nieleze kidogo kwa nini maji machache kwenye gereji ni hatari kuliko mtu anavyodhani. Wenye mmetembea na pompe ya dawa mgongoni mnajua. Ikijaa kabisa ni nzito, lakini inakaa. Ikiwa nusu, na unatembea kwenye mteremko, maji yanakimbilia upande ule unaoinamia, yanakuvuta zaidi upande huohuo, na unaweza kuanguka na pompe yako. Gereji ya meli ni sakafu moja pana, bila kuta katikati ili malori yapite. Maji yakiingia yanafanya kama yale ya pompe: meli ikiinama kidogo, yote yanakimbia chini na kuiinamisha zaidi. Ndiyo sababu malori yanafungwa kwa minyororo kwenye sakafu, milango inafungwa kabla ya kuondoka, na abiria hawaruhusiwi kabisa kushuka gereji usiku. Kama una dawa au chupa ya mtoto ndani ya gari, ichukue kabla ya kupanda juu, la sivyo utaiona asubuhi.

Na kwetu? Kwetu mara nyingi hatuna gereji, lakini tuna magunia. Gunia la maharagwe likiwekwa chini kabisa ya bato linaitulizisha. Gunia lilelile likiwekwa juu ya paa, pamoja na watu waliokalia juu yake, linageuza bato kuwa mti wenye kichwa kizito na mizizi mifupi. Upepo mdogo unatosha. Tarehe 3 Oktoba 2024, wengi wetu tuliona zile video za bato iliyotoka Minova ikilala ubavu karibu kabisa na Kituku, Goma, mbele ya watu waliokuwa wanangojea jamaa zao kandokando. Maji yalikuwa matulivu.

Turudi Krete, juu kuko jambo lililofuata 1966 ambalo halijulikani sana kwetu na ambalo mie kama mwanachama wa chama linanigusa. Watu wa Krete walikuwa na hasira. Mwenye kampuni ya meli ile alihukumiwa na mahakama, lakini hilo halikuwapa njia ya kusafiri. Basi mwaka 1967, pale Chania, wakaanzisha kampuni yao wenyewe, ANEK, kwa hisa ndogondogo zilizonunuliwa na maelfu ya watu wa kawaida, wakulima wa zeituni na wafugaji wa kondoo wakiwemo, na askofu mmoja wa huko, Irineos, akiwa mstari wa mbele. Miaka mitano baadaye, 1972, watu wa Heraklion nao wakafanya yao, Minoan Lines. Kwa miaka mingi Mkrete alipanda meli akijua kipande chake kidogo kimo ndani. Leo zote mbili zimeingia mikononi mwa makampuni makubwa ya usafiri wa bahari, ya kwanza ya Kigiriki na ya pili ya Kiitalia, na wazee wengine hawakufurahi. Lakini mazoea ya kudai yamebaki.

Wala siwaambie kwamba kazi iliisha 1967. Tarehe 26 Septemba 2000 meli Express Samina iligonga mawe karibu na kisiwa cha Paros, ikazama na watu 80 na kitu wakafa. Ndani yake ilikuwa na milango ya chuma ya kuzuia maji yasitoke chumba kimoja kwenda kingine, na mingi kati yake ilikuwa wazi. Mlango upo, sheria ipo, hakuna aliyeufunga. Desemba 2014, meli Norman Atlantic ilipowaka moto ikitoka Ugiriki kwenda Italia, orodha haikulingana na watu waliokuwa ndani. Na Septemba 2023, hapohapo Piraeus, abiria aliyechelewa alikimbilia meli ya Heraklion iliyokuwa inaondoka, akasukumwa na watu wa meli kutoka kwenye ule ulimi wa nyuma, akaangukia majini na kufa. Mimi nilipita juu ya chuma cha namna ileile na mtoto wa yaya mkononi, na nilikuwa najua habari hiyo. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Kuko pia wale ambao kwenye bahari hiyohiyo hawana tiketi ya sifuri wala ya euro mia. Wakongomani wengi wamefika Ugiriki kwa njia ya Uturuki mpaka Lesvos, kwa mitumbwi ya mpira, usiku, na hakuna aliyeandika majina yao. Juni 2023 chombo kilichotoka Libya kilizama upande wa Pylos na mamia ya watu. Familia zao leo ziko pale alipo mke wa mjomba.

Sasa usiku wenyewe.

Kabine ni ndogo, vitanda viwili chini, viwili juu vinavyoshuka kutoka ukutani. Mashuka ni safi, maji ya moto yapo. Baridi ya klimatizeri ni kali, bebeni sweta hata mwezi wa saba. Kitu cha kwanza Mama alichofanya ni kufungua kabati na kutafuta jile za kuokoa maisha. Akazihesabu. Nyuma ya mlango wa kabine kuko karatasi yenye ramani: mko hapa, mkisikia kengele fulani mnakwenda sehemu yenye herufi fulani. Tuliifuata kwa miguu mara moja, sote watano, kutoka kabine mpaka mahali pa kukutania, tukihesabu milango. Wazungu wengine walitutazama. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, hata kama mtaonekana washamba. Kwenye moshi au giza hakuna atakayesoma ramani. Ulizeni pia wapi ziko jile za watoto, juu ya mtu mzima haimkai mtoto wa miaka 3.

Saa tatu kamili, si saa tatu ya kwetu, mlango wa nyuma ukapanda, minyororo ikalia, na Piraeus ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Hakuna hotuba, hakuna kungojea mukubwa fulani ambaye bado yuko njiani. Watoto walishangilia. Mama alisimama kwenye ukingo wa sitaha akishika chuma kwa mikono miwili, midomo ikitembea. Nikajua anasali, nikamwacha.

Chakula kiko: restora ya kukaa na ingine ya kujichukulia kwa sahani. Bei ni ya mtu ambaye hawezi kutoka nje, mnanielewa. Wagiriki wenyewe wanakuja na chakula chao, wanafungua pai ya mchicha na jibini kwenye meza za baa bila haya yoyote. Sisi tulikuwa na kuku wa yaya, viazi na ndizi. Hakuna aliyetusemesha neno, isipokuwa bibi mmoja wa Krete aliyetuma mjukuu wake atuletee matango na mkate mkavu wa shayiri, unaolowanishwa na maji kidogo kabla ya kula. Mama akarudisha paja la kuku. Hawakuwa na lugha moja hata ya kusalimiana, na walikaa pamoja mpaka saa tano.

Juu ya kutikisika: mwezi wa saba na wa nane kunavuma upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi. Unaweza kuvuma siku tatu, nne mfululizo, mbingu ikiwa safi kabisa bila wingu, kwa hiyo usidanganywe na jua. Upepo unapimwa kwa kipimo cha Beaufort, kutoka 0 mpaka 12. Ukifika 8 au 9, kulingana na aina ya meli na njia yake, polisi wa bandari wanatoa zuio, na meli haitoki, hata kama tiketi zote zimeuzwa na malori yamejipanga. Nambari 8 maana yake upepo wa kilomita 62 mpaka 74 kwa saa. Usiku wetu walisema 6. Kama tumbo lako ni jepesi, omba kabine ya chini na ya katikati ya meli. Fikiria ubao wa kubembea wa watoto: wa mwishoni wanapanda na kushuka sana, wa katikati karibu hatembei. Kula kidogo, kitu kikavu, na lala chali. Mie kiti changu kilikuwa mbele kabisa, na karibu saa saba za usiku, tulipokuwa tumeacha vile visiwa vinavyokinga upepo, nililipia mapaja yote ya kuku niliyokula.

Sikulala tena. Nikashuka kwenye baa, nikakaa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa anajua Kifaransa. Alikuwa anarudi Krete karibu mtupu, na vifurushi kidogo vya duka. Akanieleza kwamba kazi yake ya kweli ni upande mwingine: nyanya na pilipili za nyumba za plastiki za Ierapetra, kusini mwa kisiwa. Zinachumwa, zinapangwa kwenye kasha, jioni lori inaingia meli ya Heraklion, asubuhi mapema iko Piraeus, na kutoka hapo soko kubwa la mboga la Athens, kule Rentis, haliko mbali. Nilimwuliza kama meli inawahi kuchelewa sana. Akasema ikichelewa kwa upepo anajua jana yake, kwa sababu tangazo linatoka mapema, basi mkulima anachelewesha kuchuma.

Hapo nilitoa kalamu. Krete ina urefu wa kilomita karibu 260 na watu zaidi ya 600 000, na mkulima wake anapanga siku ya kuchuma akiangalia saa ya meli. Mkulima wa nanasi wa Idjwi hawezi. Anachuma, anabeba mpaka kando ya ziwa, halafu anangojea bato ijae. Bato haiondoki na saa, inaondoka na uzito. Kila nanasi lililobaki kwenye jua linamwambia mwenye bato aongeze kidogo tena, na kila mtu kando ya ziwa, hata mwenye nanasi, anaona ni haki aongeze. Nimesoma miaka mitano mpaka lisansi juu ya mbegu, udongo na magonjwa ya mimea, na usiku ule kwenye baa ya meli nilifahamu kwamba mjomba aliuawa pia na ratiba isiyokuwepo. Kama bato ingekuwa na saa, asingekimbilia kwenye kivuko cha kijijini akiwa na magunia yake kichwani mwa watu.

Ni haki niseme: bato kubwa za usiku kati ya Goma na Bukavu nilizopanda mimi ziliandika majina kabla ya kupanda, na jile nilipewa. Shida kubwa iko kwenye zile ndogo, na kwenye vituo vya katikati. Daftari si kitu cha gharama. Simu ya mwanafunzi yeyote inaweza kutuma picha ya ukurasa kwa mtu aliye nchi kavu, kila bato inapoondoka kwenye kivuko. Nimeshaongea na wawili wa chama wenye asili ya Kalehe juu ya kuanza na vivuko viwili tu. Mwenye anataka kuongea zaidi aniandikie.

Saa kumi na moja na nusu kipaza sauti kikaamsha watu kwa Kigiriki na Kiingereza, na mtu wa usafi akaanza kugonga milango ya kabine, bila huruma. Nilipanda sitahani. Upande wa kushoto kulikuwa na kisiwa kikavu kisicho na mji, Dia, na mbele milima ya Krete ilikuwa inatoka gizani, ile ndefu zaidi, Psiloritis, ikipita mita 2 400. Chini yake Heraklion na ile ngome ya mawe ya Wavenisi kwenye bandari ya zamani. Upepo wa nchi kavu ulileta harufu ya majani makavu na vumbi, kama Uvira mwezi wa saba.

Mama alikuwa tayari pale, amevaa kitenge safi, mfuko begani. Nilimwuliza kama alilala. «Nililala,» akasema. «Ni wewe njo hukulala, unaonekana.»

Siku ya kurudi kwao, tulikuwa tumekata tiketi kwa simu na nilidhani kila kitu kiko sawa. Saa mbili kabla ya meli, Mama akaichukua tiketi yake, akavaa miwani, akaisoma herufi kwa herufi pembeni ya paspoti. Kwenye jina lake la mwisho walikuwa wameandika N mahali pa M. Yaya akamwambia haina shida, watapita tu. Mama akachukua paspoti yake, akaenda mwenyewe kwenye kaunta ya kampuni, akasimama kwenye mstari nyuma ya watu kumi na tano, na hakutoka pale mpaka wakatoa tiketi ingine.